MAUA YA MVUA: TUYATAZAME NA TUYAJUE KWA MAJINA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeteremsha mvua na kwayo akaotesha kila kilicho kizuri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wapenzi wanafunzi na wazazi, huenda mkajiuliza: maua yana nafasi gani katika jarida la madrasa? Jibu limo ndani ya Qur'ani.

1. Tumeamrishwa kutazama

Katika Suratul Hajj aya ya 5, Mwenyezi Mungu anapiga mfano wa ardhi kavu, ambayo ikishukiwa na maji hutikisika, huumuka na kuotesha mimea mizuri ya kila namna. Mfano huo ni hoja ya kufufuliwa kwetu. Suratu Qaf, aya ya 7 na ya 8, inaieleza mimea hiyo kuwa ni ukumbusho kwa kila mja anayerejea kwa Mola wake. Na katika Suratur Rum aya ya 50 tunaamrishwa tuzitazame athari za rehema Yake.

Wanachuoni wetu waliifanyia kazi amri hiyo. Abu Hanifa ad-Dinawari (si Imam Abu Hanifa wa madhehebu), aliyeishi karne ya 3 Hijria, aliandika kitabu kizima cha mimea. Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga huko Andalus aliyefariki Damascus mwaka 1248, alisafiri nchi nyingi akikusanya mimea ya dawa na kuiandika kwa majina.

Sisi je? Darasani tukiuliza kilua ni nini, wengi wamelisikia neno hilo kwa bibi zao, lakini ua lenyewe hawajaliona. Nyua nyingi zimezibwa kwa saruji, na mezani pamewekwa maua ya plastiki. Mti ukiondoka uani, baada ya muda jina lake nalo huondoka mdomoni. Neema isiyojulikana jina ni vigumu kuishukuru.

2. Majira yetu ya maua

Waarabu huyaita majira ya kuchipua mimea rabii, na ndipo lilipotoka jina la Rabiul Awwal, mwezi tunaouita Mfungo Sita. Kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, mwezi huo huzunguka misimu yote katika muda wa miaka 33 hivi. Huku pwani, rabii yetu ni mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Disemba.

3. Namna ya kulitambua ua

Jiulize maswali manne. Petali zake ni ngapi? Majani yameota mawili mawili yakikabiliana, au moja moja kwa kupishana? Shina ni la mviringo au lina pembe? Linanukia saa ngapi? Sasa tuyatazame maua machache.

Asumini. Ni jeupe, na majani yake hukabiliana. Hufunguka magharibi na kunukia usiku, kwani maua meupe ya usiku huwaita nondo. Ndiyo maana hutungwa jioni yakiwa bado vitumba, yakafungukia kwenye uzi.

Mrehani. Shika shina lake ulizungushe vidoleni: utahisi pembe nne. Vijiua vyake ni vidogo, vimejipanga ngazi ngazi. Rehani imetajwa katika Suratur Rahman aya ya 12. Na katika hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), Mtume (S.A.W.) ametufundisha tusiikatae rehani tunapopewa, kwani ni nyepesi kubeba na harufu yake ni nzuri.

Mlangilangi. Petali zake ni sita, nyembamba na ndefu, zinaning'inia kama utepe. Changa ni kijani, likikomaa huwa njano na harufu hukolea. Jirani zetu wa Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani wa mafuta yake.

Mkilua. Huu asili yake ni pwani yetu ya Kenya na Tanzania, na ni wa ukoo mmoja na mlangilangi na mstafeli. Wataalamu walipouandika mwaka 1970 waliuita Mkilua fragrans: neno la kwanza ni la bibi zetu, la pili ni Kilatini, maana yake wenye kunukia. Vilua, asumini na mrehani ndivyo vinavyofungwa kikuba.

Karafuu. Wengi hawajui kuwa karafuu ni ua lisilofunguka. Tazama kichwa chake: kile kidonge cha juu ni petali nne zilizofumba.

Urujuani wa Usambara. Hili ni la msituni, huota kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao. Leo linapandwa vyunguni madirishani Ulaya na Marekani, ilhali kwao lilikotoka limo hatarini kwa sababu ya ukataji wa misitu.

4. Adabu za maua

- Omba ruhusa kwa mwenye ua kabla ya kuchuma.
- Chuma kwa kiasi, uwaachie nyuki na wenzako.
- Usitie mdomoni ua usilolijua. Mengine yana sumu.
- La msituni litazame, uliache mahali pake.
- Panda. Katika hadithi ya Anas (R.A.) iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Muislamu akipanda mti, kisha akala kwao mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

5. Zoezi

(a) Muulize bibi au mama majina ya maua matano ya uani, uyaandike.
(b) Chagua ua moja, ulijibie yale maswali manne.
(c) Omba kijiti cha asumini au mbegu za mrehani, upande hata kwenye kopo, ulete habari zake baada ya mvua.

Tunamalizia kwa dua. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Ahmad kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.), Mtume (S.A.W.) amemfundisha mwenye huzuni amuombe Mola wake aijaalie Qur'ani kuwa rabii ya moyo wake. Nasi tunakuombeeni hivyo hivyo: nyoyo zenu zichipue kwa Qur'ani kama ardhi inavyochipua kwa mvua. Amin.

Wabillahi tawfiq.