SOMO: Pikipiki ya Kikundi Ikikataa Kuwaka



Baadhi ya vikundi hutumia pikipiki kuukuu za aina ya Yamaha DT 125 au Suzuki TF 125. Hizi ni za "tu-stroki", yaani injini yake huchoma oili pamoja na petroli. Siku ikikataa kuwaka, utasikia mtu akisema, "Koili imekufa." Mweka hazina anatoa pesa, koili mpya inafungwa, na pikipiki bado haiwaki. Ukirudi dukani, spea ya umeme iliyokwisha kufungwa ni vigumu kupokelewa. Pesa za wanachama zimekwenda bure.

Kanuni ni moja: anza na kisichogharimu kitu, umalizie na cha bei. Tena pikipiki hizi hupata umeme wa plagi kutoka kwa magneto, si kwa betri. Kwa hiyo usikimbilie kununua betri.

Hatua ya 1: Itazame plagi
Piga kiki mara kadhaa, kisha ufungue plagi.
- Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Angalia koki, tangi na kabureta kwanza.
- Ikiwa imelowa petroli, petroli inafika lakini huenda moto hakuna.
- Ikiwa nyeusi yenye mafuta, oili imezidi au petroli ni nyingi kuliko hewa.
- Rangi ya kahawia ni njema. Nyeupe ni hatari: injini inachoma kwa joto kali na pistoni inaweza kutoboka.
Isafishe kwa brashi. Pengo lake kwa kawaida ni kati ya milimita 0.6 na 0.8, fuata kitabu cha pikipiki yako.

Hatua ya 2: Tafuta moto
Fanya kazi hii nje, mbali na petroli iliyomwagika. Rudisha plagi kwenye kikofia chake, uilaze ikigusa chuma cha injini, mbali na tundu lake. Usiishike kwa mkono, utapigwa na umeme. Mwenzako apige kiki. Cheche ya buluu inayolia "ta! ta!" ni nzuri. Ya manjano ni dhaifu. Isipoonekana, jaribu plagi nyingine nzima.

Hatua ya 3: Kikofia na waya
Kikofia hufunguliwa kwa kuzungushwa. Kata milimita 5 za ncha ya waya iliyooza, ukirudishe, ujaribu tena. Kasoro hii hutokea sana, na kuitengeneza ni bure.

Hatua ya 4: Waya wa swichi ya kuzima
Swichi huzima injini kwa kuupeleka umeme kwenye chasisi. Waya wake ukichubuka na kugusa chuma, ni kama swichi imezimwa wakati wote. Uchomoe waya huo, upige kiki. Moto ukirudi, umepata ugonjwa. Lakini angalia: sasa swichi haitaizima injini. Weka gia ya juu, shika breki, uachie klachi polepole.

Hatua ya 5: Pointi
Pikipiki za zamani zaidi zina pointi ndani ya magneto. Zisugue kwa msasa laini, uzipanguse, upime pengo. Mara nyingi ni milimita 0.3 hadi 0.4. Zikiungua upesi baada ya kusafishwa, shuku kondensa. Zilizokuja baadaye zina kisanduku cha CDI badala ya pointi. Hicho hakifunguliwi.

Hatua ya 6: Sasa ndipo koili
Ikiwa inawaka asubuhi, inazima ikipata moto, kisha inawaka tena ikipoa, shuku koili au nyaya za magneto. Jaribu moto papo hapo inapozima, kabla haijapoa. Azima koili nzima ya pikipiki ya aina ile ile na uijaribu kabla ya kununua.

Moto ukiwa mzuri na bado injini inakataa au inarudisha kiki kwa nguvu, huenda gurudumu la magneto limehama mahali pake. Hiyo ni kazi ya fundi.

Maswali ya kujadiliana
1. Ni nani katika kikundi anayejua kufungua plagi? Je, akisafiri?
2. Je, tuna daftari la spea: tarehe, kilichobadilishwa na bei?
3. Mara ya mwisho tuliponunua spea, tulipima nini kwanza?