Mdudu Mkavu, Chuma Chakavu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Sanamu ya mdudu na vyuma huunganisha vitu viwili vilivyomaliza kazi: kimoja kiliruka, kingine kilizunguka. Fundi ana deni kwa vyote viwili. Yafuatayo ni masharti.

FANYA

1. Okota wadudu waliokwisha kufa, chini ya taa za barazani na kwenye madirisha. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa vilele vya minazi, mwombe mkulima. Atakupa na kukushukuru.

2. Mfunge mdudu kwenye mfuko, umgandishe kwenye friza wiki mbili. Ukiona unga mwembamba chini ya sanamu, mdudu wako analiwa kutoka ndani na wadudu ambao baridi haikuwaua.

3. Lainisha kabla ya kukunja. Mlaze juu ya kitambaa chenye maji ndani ya kopo lililofunikwa, kwa siku moja au mbili. Mguu mkavu hukatika kama njiti ya kiberiti. Uliolainika hupinda bila kulia.

4. Osha chuma kwa mafuta ya taa, sugua kutu, kausha kabisa. Unyevu uliojificha kwenye nati huotesha ukungu tumboni mwa mdudu.

5. Weka gia ya saa pale nguvu ilipotoka, kwenye shina la bawa. Ukiibandika popote, umetengeneza pambo tu.

USIFANYE

1. Usiue kwa ajili ya sanamu, wala usikamate wa porini bila kibali. Mei 2025, mahakama jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja kwa biashara haramu ya sisimizi hai.

2. Usikwangue namba za saa kuukuu zilizotengenezwa zing'ae gizani. Nyingi za kabla ya miaka ya 1970 zilipakwa radiamu. Mng'ao hufa, mionzi hubaki, na vumbi lake huingia mapafuni.

3. Usitumie supaglu karibu na mabawa. Mvuke wake huacha utando mweupe usiofutika.

4. Usivunje cherehani inayoweza kushona tena ili kupata vyuma. Muulize kwanza fundi wa kutengeneza cherehani.

5. Usiweke kipepeo juani. Rangi ikipauka hairudi.

Kabla sanamu haijatoka karakanani, hesabu miguu. Ni sita. Ukipungua mmoja, irudishe mezani.