Msaidizi wa Barua Pepe: Mpe Kazi, Usimpe Akaunti

Mwenye leseni Nyarugusu au Mwakitolyo hashindi kwenye kompyuta. Anashinda duarani na kwenye makarasha. Ila siku hizi mambo yake mengi yanapita mtandaoni: Tume ya Madini, TRA, BRELA, na kwa wanaoiuzia Serikali bidhaa, mfumo wa NeST ulioanza mwaka 2023. Kote huko utatakiwa kuwa na barua pepe.

Ndiyo maana wengi tayari wana msaidizi, ingawa hawamwiti hivyo. Ni kijana wa stesheneri pale Katoro au Kahama, au mtoto wa dada anayesoma Mwanza. Wengine wanamlipa kwa mwezi mtu aliyeko Dar es Salaam, wasiyewahi kuonana naye.

Hakuna ubaya. Tatizo huanzia siku akaunti inapofunguliwa. Foleni ni ndefu, kijana ana haraka, anaweka namba yake ya simu kuwa ya kurejesha nywila. Leseni ya mchimbaji mdogo ni ya miaka 7. Vijana wachache hukaa kwenye stesheneri moja muda wote huo. Akihama, taarifa ya ada ya mwaka inaingia kwenye akaunti ambayo hakuna wa kuifungua.

Kwa hiyo namba ya kurejesha nywila iwe yako, laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Hili lifanyike kabla ya kuzungumza malipo ya msaidizi.

Kumruhusu bila kumpa nywila

Gmail ina njia yake. Ingia kwa kompyuta, maana kwenye programu ya simu hutaiweza. Fungua mipangilio ya Gmail, sehemu ya akaunti, andika anwani ya msaidizi, naye atapata mwaliko wa kukubali ndani ya wiki moja. Baada ya hapo atasoma barua zako, kuzijibu na hata kuzifuta, akitumia akaunti yake. Nywila yako hawezi kuibadilisha.

Lakini hapa panahitaji macho. Mtu akibonyeza "nimesahau nywila" kwenye mfumo mwingine, mara nyingi kiungo cha kuweka mpya hutumwa kwenye barua pepe. Anayesoma barua zako anaweza kukiona na kukitumia. Sisi tunashauri anwani mbili: ya wateja na wauzaji, anayoishika msaidizi, na ya leseni, kodi na benki, unayoishika mwenyewe hata kama unaifungua mara moja kwa wiki.

Maagizo yaandikwe

"Nisimamie barua pepe" si maagizo. Kama pia unakodisha au kuuza vifaa, mwandikie kwenye WhatsApp hivi:

"Fungua asubuhi na jioni. Anayeuliza bei ya kukodi pampu au jenereta, mjibu kwa orodha niliyokupa. Barua ya mgodi au ya Serikali usijibu, nipigie. Yenye neno malipo, benki au akaunti, usiguse. Usifute kitu."

Sentensi ya malipo ndiyo yenye uzito. Utapeli unaowapata wanaouza vifaa migodini ni huu: muuzaji wako wa vipuri ametuma ankara, kesho yake inakuja barua nyingine yenye jina lilelile, ikisema akaunti ya benki imebadilika. Ukitazama anwani vizuri, kuna herufi moja imeongezeka. Msaidizi hawezi kuamua jambo hilo, na hata wewe usiamue kwa barua. Piga namba ya muuzaji uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa humo.

Nakala za vitambulisho vya vijana wa duarani nazo zisitumwe ovyo. Zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wewe uliyezikusanya ndiye utakayeulizwa.

Msaidizi akiondoka

Mwondolee ruhusa siku hiyohiyo, hata kama mmeagana vizuri. Badilisha nywila. Kisha angalia kwenye mipangilio kama kuna anwani ngeni inayopelekewa nakala ya barua zako. Wengi hawapaangalii hapo, na nakala huendelea kwenda miezi mingi baada ya mtu kuondoka.