Antivairasi Ipo Kwenye Mac, Lakini Je, Inafanya Kazi?

Mteja wetu, kama sacco yenu hapa Muthara inalipa wakulima wa miraa kwa kutumia kompyuta za Mac, somo hili ni lenu. Virusi vikiiba nenosiri la anayeidhinisha malipo, pesa za wanachama zinaweza kuishia kwa matapeli.

Wengi husema Mac haishikwi na virusi. Si kweli. Apple yenyewe huweka kinga iitwayo XProtect ndani ya Mac.

Ofisi ikiongeza antivairasi, kitu kimoja husahaulika sana: ruhusa. Bila ruhusa, programu inaonekana ipo, kumbe kuna mafaili haiwezi kuyafungua na kuyakagua.

Fanyeni hivi:

1. Fungua System Settings, halafu Privacy & Security, halafu Full Disk Access. Hakikisha antivairasi imewashwa hapo.
2. Kama kompyuta zote zinasimamiwa kutoka sehemu moja, fundi atume ruhusa kwanza, kisha programu.
3. Ajaribu kwenye kompyuta moja kabla ya zote.

Tukumbushane pia: antivairasi haimzuii tapeli kukupigia simu. PIN yako usimpe mtu, hata akisema ametoka kwetu.