Kuona Shaka na Kutilia Shaka: Lugha ya Imani Mbele ya Mifupa ya Turkana

Mwaka 1984, Kamoya Kimeu, mmoja wa kundi la watafiti la Richard Leakey, aliona kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Uchimbaji uliofuata ulifukua sehemu kubwa ya mifupa ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwaka 2006, Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi yalipokuwa yakijiandaa kuionyesha, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walipinga. Hoja yao ilikuwa kwamba mageuko ya viumbe ni nadharia tu, na kwamba kuyatukuza ni kuijeruhi imani ya Wakristo. Makavazi yalifunguliwa upya mwaka 2008, na mifupa ikaonyeshwa.

Makala haya hayakusudii kuamua nani alishinda. Yanachunguza jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili ndio hasa wanaopaswa kulishughulikia: maneno ambayo mjadala wa namna hii hutegemea.

Nadharia ni mfano mwepesi. Kwa mwanasayansi, ni maelezo yaliyojengwa juu ya ushahidi na kupimwa tena na tena. Mtaani, nadharia ni kinyume cha vitendo, yaani maneno yasiyoshika kitu. Mwalimu wa biolojia anayemcheka mhubiri kwa kusema "nadharia tu" husahau kwamba wasikilizaji wengi hawajawahi kupewa maana nyingine. Si Wakristo wote wanaoitumia maana hiyo ya mtaani, kwani mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba mageuko yamekuwa zaidi ya dhana ya kubahatisha.

Uzito wa suala hili, hata hivyo, umo katika neno shaka. Kiswahili husema mtu ameona shaka, kama vile anavyoona njaa, baridi au haya. Katika muundo huu shaka haitendwi. Humfikia mtu bila yeye kuialika. Tofauti na huo ni kutilia shaka. Hapa kuna kauli ya kutendea, kuna mtendaji, na kuna kitu kinachotiliwa. Huku ndiko kazi ya sayansi ilipo: mtafiti hulitilia shaka dai, hata lake mwenyewe, ili alipime. Lugha imetenganisha maradhi na mbinu, ilhali wazungumzaji huzichanganya. Kijana anayetoka katika somo la mageuko akiwa ameona shaka hukemewa kanisani kana kwamba ametilia shaka kwa kusudi, na mwenzake anayeuliza swali la kisayansi huombewa kana kwamba ni mgonjwa.

Mzigo huongezwa na maneno jirani. Mashaka kwa maana ya taabu yana asili tofauti ya Kiarabu na shaka hii, lakini sikio la Mswahili limeyaweka katika ngeli moja, kama umoja na wingi. Imani nayo ni huruma pia: "hana imani" husemwa juu ya katili. Hivyo kijana anayekiri kwamba hana imani hujihukumu kwa zaidi ya alilokusudia. Na akiulizwa iwapo "anaamini mageuko", anaulizwa vibaya. Mageuko hukubaliwa au kukataliwa kwa ushahidi. Mkristo anaposema anamwamini Mungu, kiambishi cha yambwa kinaonyesha kwamba kitenzi hicho kinamwelekea mhusika anayetumainiwa, wala si orodha ya miaka na mifupa.

Injili zenyewe zinazijua shaka zote mbili. Petro alitembea juu ya maji hadi alipotazama upepo. Aliona shaka, akaanza kuzama, na jambo la kwanza alilopata ni mkono, kisha karipio. Mpangilio huo haupaswi kupuuzwa. Tomaso hakuzama popote. Aliwatilia shaka wenzake waziwazi, akataja na kipimo atakachokikubali: alama za misumari na ubavu. Ni kweli kwamba mwishoni aliambiwa wana heri wale walioamini bila kuona. Lakini majeraha alionyeshwa kwanza, na siku nane baada ya kutilia shaka alikuwa bado chumbani pamoja na wanafunzi wengine, bila yeyote kumfukuza.