"Ndiyo, Shefu" Si Jibu: Kijitabu kwa Makapita na Mashefu wa Kipushi

Malalamiko yamezidi. Ofisi yetu, ambayo haichoki kusikiliza (na hilo tunalisema kwa fahari), inaonya: shefu anayedhani tayari anawajua watu wake ni hatari kazini.

Mgodi wa Kipushi ulisimama mwaka 1993 na ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Siku hizi zamu moja yaweza kuwa na mzee wa enzi za kampuni ya Gécamines, kijana ambaye hajawahi kushuka shimoni na fundi mgeni. Usidhani wote wanaona kazi kama unavyoiona wewe.

Ng'ambo ya mpaka, huko Luanshya, Zambia ya leo, wakubwa wa mgodi walidhani hivyo. Mwaka 1931 waliweka wazee wa makabila wawe wasemaji wa wafanyakazi, wakiamini kwamba mchimbaji humsikiliza mzee wa kwao katika kila jambo. Mgomo wa Mei 1935 ulipowaka, wazee hao walikimbilia ofisi ya kampaundi pamoja na Wazungu, na wafanyakazi sita wakauawa kwa risasi. Miaka ya 1950 mwanaanthropolojia A. L. Epstein alikwenda kuwatazama na kuwasikiliza watu wenyewe. Aliona kwamba ugomvi wa ndoa waliupeleka kwa mzee, lakini habari ya mshahara waliitaka mikononi mwa chama chao cha wafanyakazi. Wakubwa wangeuliza mapema wangelijua hilo.

Kwa hiyo tazama kwanza, kisha uliza. Kijana amevaa glavu moja? Usimwite mkaidi. Mwambie, "Ndugu, nionyeshe unavyofanya." Huenda glavu ya pili ni kubwa mno, hawezi kushika nati. Mzee naye muulize, "Baba, zamani hapa mlifanyaje?" Usiulize mbele ya kundi zima, hapo wote watasema ndiyo.

Tunarudia: asiyeweza kukuonyesha kazi kwa mikono yake, USIANDIKE kwamba ameelewa. Sahihi yake chini ya karatasi ya Kifaransa haitoshi. Haitoshi hata kidogo. Kapita atakayejaza fomu akiwa mezani, bila kwenda kuona, asije kwetu kujitetea baada ya ajali.

Maagizo haya yanawahusu pia vibarua na watu wa wakandarasi, mradi wako chini ya amri yako. Masharti mengine yamebandikwa mlangoni pa ofisi. Mfanyakazi ambaye shefu wake anakataa kuuliza alete malalamiko kwa Kiswahili. Barua isiyo na jina tunaipokea.