Taa za Kupigia Picha Chini ya Maji: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Ukishuka mita 15 kwenye miamba ya Mnemba au Mafia, chewa mwekundu mwenye vidoa vya buluu anaonekana wa kahawia, karibu mweusi. Mmulike tochi, na wekundu unawaka papo hapo. Samaki hakubadilika. Maji ndiyo yaliyomeza mwanga mwekundu wa jua kabla haujamfikia. Sehemu kubwa ya wekundu hupotea ndani ya mita 5 hivi za mwanzo, ikifuatiwa na rangi ya chungwa, kisha njano, mpaka kunabaki kijani na buluu.

Kwa hiyo taa chini ya maji kazi yake kubwa ni kurudisha rangi. Wanaoanza hukimbilia kununua nguvu, ilhali kinachoamua picha ni umbali. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa msingi huo.

Hatua ya 1: Amua kama unapiga picha au video

Flashi hutoa mwanga mkali kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Humgandisha samaki anayekimbia, na nguvu yake hushindana hata na jua. Kwa video haifai kabisa.

Taa ya video huwaka mfululizo, na unaona kivuli kinapoangukia kabla ya kurekodi. Kwa picha za viumbe wadogo watulivu, kama konokono wa bahari wasio na gamba, nayo inafaa. Kwa samaki wenye mbio utapata ukungu. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua kile kinachohudumia kazi unayoifanya mara nyingi zaidi.

Hatua ya 2: Soma vipimo kabla ya kulipa

- Lumeni. Kwa video ya viumbe wadogo, 1,000 hadi 2,000 zinatosha. Kwa mandhari ya matumbawe, tafuta taa mbili zenye 5,000 au zaidi kila moja.
- Upana wa mwanga. Nyuzi 100 hadi 120 hufunika picha nzima. Tochi ya kawaida ya mpiga mbizi ina mwanga mwembamba unaoacha duara jeupe katikati.
- Rangi ya mwanga. Kelvini 5,000 hadi 5,600 zinakaribia mwanga wa jua la mchana.
- CRI. Hiki ni kipimo cha uhalisia wa rangi. Taa yenye 90 au zaidi huonyesha wekundu ulio hai, na yenye kipimo cha chini huufifisha hata iwe na lumeni nyingi.
- Muda wa betri kwenye nguvu kamili. Usikubali takwimu ya nguvu ndogo. Mbizi moja huchukua dakika 45 hadi 60.
- Kwa flashi, muda wa kujaza tena. Ikichukua sekunde nyingi, kasa atakuwa ameshapita.

Hatua ya 3: Unganisha mitambo

Kasha la kamera hukaa juu ya trei yenye vishikio viwili. Kwenye vishikio hufungwa mikono yenye vichwa vya mviringo vya inchi 1, ikiunganishwa kwa klampu. Chagua mikono inayokunjika sehemu mbili, ili taa iweze kusogea mbali na lenzi. Flashi huungwa na kamera kwa kebo ya faiba au waya wa umeme. Faiba ina nafuu moja kubwa: haihitaji tundu jingine kwenye kasha, na matundu yakipungua, njia za maji kuingia nazo hupungua.

Jaribu mzigo wote kwenye bwawa. Ukizama kwa kasi, ongeza maboya kwenye mikono, la sivyo kifundo cha mkono kitachoka kabla ya hewa kuisha.

Hatua ya 4: Kagua oringi usiku wa kuamkia safari

Hatua hii isifanyike kwenye boti, penye mchanga na upepo. Kaa mezani penye mwanga. Toa oringi, yaani mpira wa duara unaozuia maji kuingia, kwa ncha ya kidole au kona ya kadi ya plastiki, kamwe si kwa kisu. Ipitishe taratibu kati ya vidole viwili ukihisi mikwaruzo. Futa mfereji wake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha paka grisi aliyoitaja mtengenezaji, kiasi cha kuifanya ing'ae tu. Grisi nyingi hukusanya uchafu.

Unywele mmoja unatosha kuingiza maji. Ukifika mita 10, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu. Mita 20, mara tatu. Ukishafunga, zamisha taa kwenye ndoo ya maji baridi na utazame kama kuna vipovu.

Hatua ya 5: Chagua maji

Bamvua huja na mikondo mikali inayotimua tope, ilhali siku za maji mafu bahari hutulia. Maji yanayojaa kutoka bahari kuu kwa kawaida ni safi kuliko yanayokupwa kutoka mikokoni. Wakati wa masika, mito mikubwa kama Rufiji humwaga udongo baharini. Kipindi cha kaskazi, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, ndicho kinachopendwa na wapiga picha wengi.

Hatua ya 6: Panga taa

Madoa meupe yanayoharibu picha ni chembe za mchanga na planktoni zilizomulikwa kati ya lenzi na kiumbe. Taa iliyobanwa juu ya lenzi hufanya kama taa kubwa za gari kwenye ukungu: huangaza kila kitu isipokuwa unachokitaka.

Kwa picha pana, tandaza mikono kulia na kushoto. Taa zirudi nyuma kidogo ya uso wa lenzi na zitazame nje kidogo, ili kingo za mwanga ndizo zimguse kiumbe. Kwa viumbe wadogo, zisogeze karibu na lenzi, pembeni, zikielekea ndani. Punguza nguvu ya taa moja, vivuli vitaonyesha umbo.

Hatua ya 7: Sogea, piga, rekebisha

Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia kiumbe hubaki robo, na maji hupunguza zaidi. Tena, mwanga husafiri kwenda na kurudi. Samaki aliye mita 1 ana safari ya mita 2. Aliye mita 3 ana safari ya mita 6, na wekundu wake mwingi umeshamezwa njiani. Kaa ndani ya mita 1.

Kwa picha pana anza na f/8, 1/125 na ISO 200, flashi ikiwa nusu ya nguvu. Kwa viumbe wadogo, f/16 na 1/200. Shata hudhibiti buluu ya nyuma, na nguvu ya flashi hudhibiti kiumbe aliye mbele. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, tumia 1/50.

Usisogee karibu kabla hujaimudu hali yako ya kuelea. Pezi moja likigusa tumbawe, unavunja kilichokua kwa miaka. Usimulike macho ya samaki aliyelala usiku. Taa nyekundu haiwasumbui sana viumbe wengi. Kwa papa potwe wa Kilindoni, zima kila kitu: huogelea karibu na uso wa bahari, na jua linatosha.

Hatua ya 8: Tunza baada ya mbizi

Loweka vifaa kwenye maji baridi kwa nusu saa, ukibonyeza vitufe ili chumvi itoke. Kausha kivulini kabla ya kufungua. Taa iliyoingiwa na maji usiiwashe. Ifungue polepole, uso ukiwa mbali, kwani betri ya lithiamu iliyolowa huweza kutoa gesi. Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba zikae kwenye mkoba wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Betri ya hadi Wh 100 kwa kawaida haihitaji kibali.

Ukiwa na taa moja tu, usisubiri ya pili. Tafuta kiumbe mtulivu, mpige picha ukiwa nusu mita, kisha mita 1, kisha mita 2, na ulinganishe rangi kwenye kompyuta jioni. Ukishaiona tofauti hiyo kwa macho yako, utajua kama kweli unahitaji taa kubwa zaidi au unahitaji tu kusogea.